Anza na Linalokushinda

Paukwa! Mmeitika pakawa? Basi sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina msichana aliyetatizwa na hesabu.

Mwaka 2004 msichana huyo, Nadia, alikuwa akiishi New Orleans, Marekani. Kilichomsumbua ni kubadili vipimo, hesabu za aina ile inayokutaka ugeuze gramu kuwa kilo. Binamu yake, Salman Khan, alikuwa mbali, mjini Boston. Akitoka kazini, alimfundisha kwa simu na kompyuta. Nadia akaelewa, na ndugu wengine nao wakataka kufundishwa. Walipozidi kuwa wengi, Khan akaanza kurekodi masomo kwa video na kuyaweka YouTube mwaka 2006.

Ndugu zake wakamwambia jambo la ajabu: walimpenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana! Mnacheka? Video unaisimamisha, unairudisha nyuma utakavyo, na hakuna wa kukuuliza, “Bado tu hujaelewa?” Hivyo ndivyo Khan Academy, shule yake ya mtandaoni, ilivyoota.

Mmeona kilichotangulia? Tatizo lilikuja kwanza, chombo kikafuata.

Tatizo la pili ni la kila mtu: kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, na kwamba kurudia somo kwa siku tofauti kunafaa kuliko kulirundika siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza njia ya kadi katika kisanduku chenye vyumba. Swali upande huu, jibu upande ule. Ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele na itangoja zaidi kabla ya kurudiwa. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza. Programu ya Anki, aliyoitoa Damien Elmes wa Australia mwaka 2006, inafuata wazo hilohilo, ila yenyewe ndiyo inayokukumbusha kadi za leo. Huna simu? Kata karatasi za daftari kuukuu, uandike kadi zako.

Tatizo la tatu mnalijua vizuri: bando limekwisha! Tangu 2007 kuna Kiwix, programu inayokuwezesha kupakua Wikipedia mara moja, kisha ukaisoma bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye simu ya kawaida.

Sasa zamu yenu. Kila mmoja achukue karatasi aandike mambo matatu yanayomshinda. Usiandike “Fizikia”. Fundi ukimwambia “redio mbovu” atakuuliza imefanyaje; nawe jiulize hivyohivyo, uandike: “Sielewi umeme unavyogawanyika kwenye waya mbili.” Kisha kila jambo lipe chombo kimoja tu. Huelewi? Tafuta somo la video, au maelezo yanayofuata mtaala wenu, kama yale ya Shule Direct kwa wanafunzi wa sekondari Tanzania. Unaelewa lakini unasahau? Tengeneza kadi, na uziandike mwenyewe, maana kutunga swali tayari ni kusoma. Huna pa kutafutia? Weka maktaba ndani ya simu.

Kama simu ni ya mama, omba ruhusa, mkubaliane saa. Pakua vitu vizito ukiwa penye Wi-Fi ya shule au maktaba. Programu ikikudai namba ya simu, picha au tarehe ya kuzaliwa, usijibu kabla ya kumwonyesha mtu mzima.

Baada ya wiki mbili, kipime chombo chako. Zima simu, mwite mdogo wako, umweleze somo lile bila kuchungulia popote. Akielewa, kibakishe chombo hicho. Ukikwama katikati, tazama ulipokwama: pengine tatizo si ulilodhani, na chombo kingine ndicho kinachokufaa. Kile cha kwanza kifute, simu ipate nafasi.

Na rafiki akijigamba kwamba ana programu ishirini za kujisomea, msimwonee wivu. Mwulizeni tu ni swali gani lililomshinda mwezi uliopita ambalo leo analiweza.