Kabureta ikifurika, pima presha kwanza

Wiki hii tuzungumzie ugonjwa unaowasumbua wenye magari ya zamani, yale yanayotumia kabureta. Gari linatoa harufu kali ya petroli na moshi mweusi. Plagi zikifunguliwa ni nyeusi na zimelowa. Likizimwa likiwa la moto, haliwaki tena mpaka lipumzike. Mafundi husema kabureta inafurika. Kinachofuata mara nyingi ni kuifungua, kuiosha, kuchezea skrubu zake na kuirudisha. Baada ya siku mbili ugonjwa uko pale pale.

Huenda kabureta yenyewe haina kosa. Ndani yake mna kibakuli cha petroli, na ndani ya kibakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano ndogo izibe tundu la kuingizia mafuta. Petroli ikipungua, boya hushuka na tundu hufunguka. Ndivyo lifanyavyo boya katika tangi la maji la chooni. Lakini nguvu ya boya hilo ni ndogo. Pampu ikisukuma kupita uwezo wake, sindano haifungi hata kama imenunuliwa leo.

Tuchukue mfano wa Volkswagen Beetle. Pampu yake ya asili, inayoendeshwa na ufito kutoka ndani ya injini, hutoa presha ya kama pauni 3 kwa inchi ya mraba. Magari mengi ya kabureta hutaka kati ya pauni 2 na 5. Beetle iliacha kutengenezwa nchini Mexico mwaka 2003, na baadhi ya pampu za kuiga zilizoko madukani husukuma kuliko ile ya asili. Wengine hufunga pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la injeksheni, ambayo presha yake hupita pauni 30. Hakuna boya litakaloweza kuizuia.

Kwa hiyo mwambie fundi apime kabla ya kufungua. Geji inayosoma pauni chache huungwa kwa kiungo cha njia tatu, kati ya pampu na kabureta, injini ikiwa ya baridi. Kisha gari liwashwe na geji isomwe.

Presha ikiwa ya kawaida, sasa kabureta ifunguliwe. Tazama kama sindano imelika au ina uchafu. Litikise boya karibu na sikio; ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka. Ukikuta uchafu, badili filta na ukague tangi kama lina kutu, vinginevyo utarudi gereji mwezi ujao.

Presha ikiwa imezidi, kwenye Beetle huongezwa gasketi chini ya pampu, moja baada ya nyingine, huku ukipima kila mara. Ufito husukuma kwa umbali mdogo kuliko mwanzo na presha hushuka. Pampu ya injeksheni iondolewe, ifungwe ya presha ndogo.

Tusiuchukulie ugonjwa huu kuwa hasara ya petroli tu. Petroli inayozidi huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kuchanganyika nayo. Pampu ya zamani ikichanika utando wake, nayo huweza kumwaga petroli humo humo. Ukipima oili asubuhi ukaikuta imepanda na inanuka petroli, usifurahi kwamba gari halili oili. Usiliwashe. Tengeneza kwanza, umwage oili yote, uweke mpya, maana oili nyepesi huua beringi.

Kubwa zaidi ni moto. Kwenye Beetle, pampu iko jirani kabisa na distribyuta inayotoa cheche. Mipira ya petroli iliyopasuka ibadilishwe bila kungoja mshahara. Usivute sigara karibu, na usikubali fundi amimine petroli kwenye mdomo wa kabureta ili gari liwake. Mtungi wa kuzimia moto, wa unga, ukae ndani ya gari, si nyumbani.

Bei ya geji ni ndogo kuliko bei ya injini.