Kipimo cha Forosadi na Sukari

Msimu wa forosadi ukifika watoto hurudi nyumbani na midomo myeusi, na mama wa nyumba huona ya kuwa matunda ni mengi kuliko yawezavyo kuliwa kabla ya kuoza. Ndipo hutafuta sukari apike jamu. Desturi ya jamu ni kutia sukari sawa na matunda. Lakini wachache huuliza, sawa kwa kipimo gani, kikombe au mizani?

Maana ya desturi hiyo ni uzito. Kikombe cha karibu robo lita kikijaa forosadi huwa na gramu 140 tu, kwa maana kati ya tunda na tunda pana nafasi tupu. Bali kikijaa sukari huwa na gramu 200. Basi mwenye kutia kikombe kwa kikombe hutia karibu mara moja na nusu ya sukari ipasayo. Jamu yake huwa tamu hata kuficha ladha ya tunda, pengine hufanya chenga ndani ya chupa, na fedha ya sukari imekwenda bure. Wala si jambo dogo kwa nyumba inayouza jamu ili kulipia mtoto shule.

Stroberi humdanganya mtu zaidi. Kikombe cha stroberi nzima ni gramu 144. Zikikatwa vipande vyembamba, 166. Zikipondwa hufika 232, karibu sawa na maji. Kwa hiyo kitabu cha mapishi kikisema kikombe, yapasa kutazama kama ni kabla ya kukata au baada yake.

Wazee wa pwani walipima kwa pishi, nayo ni vibaba vinne. Lakini pishi ya mchele na pishi ya unga hazikulingana mizanini. Leo sokoni twapimiwa kwa kopo na sado, na mambo ni yale yale.

Asiye na mizani na atwae fimbo iliyonyoka, aifunge uzi katikati na kuitundika. Kila ncha aning'inize kopo, yote mawili sawa, makubwa kupita lita moja, kisha asogeze uzi hata fimbo ilale sawasawa. Katika kopo moja atie nusu lita ya maji, kwa kuwa uzito wake ni nusu kilo. Katika la pili atie forosadi kwa kikombe chake, huku akihesabu, hata fimbo ilale tena. Ataona vikombe vitatu na nusu hivi. Akiisha kuyatoa matunda, atie sukari, naye ataona viwili na nusu. Hesabu hiyo aiandike. Hana haja ya kupima tena maadamu kikombe ni kile kile.

Akikuta kitabu cha zamani kisemacho ratili, ratili moja ni gramu 454. Na kwa kuwa forosadi haigandi vema yenyewe, akamulie ndimu moja katika kila nusu kilo ya matunda.