KITUNZE KIKUTUNZE: PIKIPIKI KUUKUU KATIKA MILIMA YA KYARUMBA

Wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, pikipiki ndogo ndiyo punda wa nyumba nyingi. Huko Kyarumba, katika miteremko ya milima ya Rwenzori, ndiyo ibebayo gunia la kahawa, mgonjwa aendaye zahanati na mtoto aliyechelewa shule. Nyingi ni kuukuu, zenye injini ya sentimita za ujazo 100 au 125. Mpya ni ghali. Kwa hiyo mwenye kuukuu hujiuliza afanye nini ili izidi kumfaa.

Ndugu msomaji, wengi wetu hulijibu swali hilo vibaya, nami nilikuwa miongoni mwao. Niliponunua pikipiki ya mkono wa pili, nilipaka tangi rangi, nikabadili eksosi ili ingurume. Viatu vya breki sikuvitazama. Siku moja nilikuwa nikiteremka kutoka Kyondo, nimezima injini ili kuokoa petroli. Breki zikapata moto, zikalegea kabisa. Kilichoniokoa ni ukingo wa udongo kando ya barabara. Niliondoka na goti lililochubuka na somo moja: pikipiki ya mlimani huboreshwa kwanza katika kusimama, kisha katika kupanda, mbio ni jambo la mwisho.

KUSIMAMA

Pikipiki nyingi za aina hii zina breki za ngoma. Katika nyingi kati yake kuna mshale mdogo kwenye mkono wa breki, hapo gurudumuni. Breki ikishikwa na mshale ukaifikia alama, viatu vimekwisha, havina budi kubadilishwa. Kuendelea kukaza nati ni kujidanganya. Wakati wa kubadili, futa ngoma kwa kitambaa kilicholowa maji. Usipulize vumbi lile, maana hudhuru mapafu. Wala usiruhusu tone la oili liguse viatu vipya.

Mteremkoni tumia gia ndogo, uiache injini nayo isaidie kuzuia. Kuizima huokoa petroli kidogo sana, na mzigo wote huachiwa breki. Ukivuka kijito, zishike breki polepole kwa hatua kadhaa hadi zikauke.

KUPANDA

Pikipiki ikikosa nguvu, fundi mwenye haraka hukimbilia kufungua silinda. Yafaa kwanza kukumbuka hewa. Ziwa Edward liko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, lakini mashamba ya kahawa ya Rwenzori hupanda hadi kupita mita 1,800. Kila mita 1,000 za kupanda, injini hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, kwa kuwa hewa ni nyepesi na petroli huizidi. Ukiona plagi nyeusi yenye masizi makavu, anza na chujio la hewa kabla ya kugusa kabureta. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukaushwa kivulini, hutiwa oili kidogo, kisha hukamuliwa. Kuendesha bila chujio ni kuiuza injini, kwa maana vumbi la barabara huwa msasa ndani ya silinda.

Baada ya hapo tazama sproketi. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42: injini huzungusha ya mbele mara 3 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, hesabu huwa mara 3.23. Nguvu ya kuvuta huongezeka kwa kiasi cha asilimia 8, na mwendo wa juu hupungua kwa kadiri iyo hiyo. Kwa mtu wa milimani hiyo ni biashara nzuri, tena ni rahisi kuliko kubadili pistoni. Kama mnyororo umechakaa, badili vyote pamoja. Mnyororo mkuukuu hula meno mapya.

OILI NA VALI

Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni ya shida, nayo bado yaonekana barabarani. Hata hivyo uvumilivu wake una mpaka. Haina chujio la oili la karatasi, kwa hiyo oili yake isiachwe ikachakaa. Katika injini za namna hiyo badili oili kila kilomita 2,000 au mapema zaidi, ukiimwaga injini ingali na joto. Nafasi ya vali katika CG125 ni milimita 0.08, nayo hupimwa injini ikiwa baridi. Nafasi ikibana mno, vali haifungi sawasawa, huungua, na nguvu hutoweka.

TAA

Nyingi za zamani hutumia umeme wa volti 6, na mwanga wake ni hafifu. Kutia balbu ya volti 12 peke yake hakusaidii; itawaka kama kaa. Mabadiliko hayo hutaka betri, kirekebishi, honi na balbu zote, na pengine koili. Mpe fundi wa umeme kazi hiyo.

Basi fedha zikipatikana, zigawe kwa utaratibu huu: breki na tairi, oili na chujio, mnyororo na sproketi, kisha taa. Rangi ya tangi yaweza kungoja mavuno yajayo. Mtoto aliyeketi nyuma yako haioni rangi hiyo. Yeye amekushika kiuno, akitumaini kwamba ukitaka kusimama, utasimama.