Mafuta Hutoa Mafuta: Jichanue na Uso Wako

Ukishuka mathree Jogoo Road saa moja jioni, pitisha tishu nyeupe kwa paji la uso halafu uicheki. Itatoka rangi ya chai. Hapo kuna moshi, vumbi, jasho, na mafuta yenye ngozi imetoa mchana mzima.

Sasa wasee wengi wakifika keja wanashika sabuni ya kipande wanasugua uso ni kama wanafua jinzi. Uso unakaza kama ngoma, na kesho saa nne ng'aring'ari imerudi. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake iko kedo 5. Sabuni ya kipande iko 9 hadi 10. Ukisugua unatoa uchafu, lakini pia unabomoa kinga ya ngozi.

Enda Grogan uulize makanika venye hutoa grisi kwa mikono. Hawezi anza na maji. Anapaka kitu ya mafuta kwanza, ju mafuta huyeyushwa na mafuta. Uso ni hesabu ile ile, ila uso unataka mafuta ya mbegu, si ya gari.

Jua ngozi yako kwanza

Osha uso na maji ya vuguvugu, jikaushe, kaa lisaa limoja bila kupaka chochote. Ikikukaza, hiyo ni kavu. Iking'aa kote, ni ya mafuta. Paji na pua ziking'aa na mashavu yatulie, ni mchanganyiko. Na kuna ile ya kudeka, yenye kila kitu kipya inaiwasha.

Chupa yako sasa

Unataka mafuta mbili za msingi. Ya kwanza ni mbarika, ile nzito inavutika kama asali, yenye msusi hukupaka kwa nywele za mbele. Inashika uchafu fiti, lakini usizidishe. Ya pili ni alizeti, nyepesi, iko na asidi linoleiki yenye husaidia kinga ya ngozi. Tafuta zenye zimekamuliwa bila moto. Na usijaribu kusaga mbegu za mbarika kejani, ju mbegu yenyewe iko na sumu kali. Nunua mafuta tayari.

Pima vijiko kumi vya chai:

- Ngozi ya mafuta: mbarika 3, alizeti 7.
- Mchanganyiko: mbarika 2, alizeti 8.
- Kavu: mbarika 1, alizeti 5, mafuta ya avocado 4.
- Ya kudeka: alizeti peke yake, bila manukato yoyote.

Wengi huuliza kuhusu ya nazi. Kwa nywele na miguu iko sawa, lakini kwa uso wa chunusi huziba vitundu, so iache hapo. Na usiweke ndimu. Ukitoka nje kwa jua la mchana na ndimu kwa ngozi, inaweza kukuchoma na kukuachia madoa.

Chupa iwe kavu kabisa, ya glasi nyeusi ukipata, na uiweke mbali na dirisha. Tengeneza kidogo kidogo. Ukiskia imeanza kunuka uchachu, mwaga.

Venye inafanywa

Kabla ya uso, paka tone moja ndani ya mkono, ungoje siku moja ama mbili. Kukiwa shwari, ingia kazi usiku. Mikono kavu, uso mkavu, mafuta kijiko kimoja cha chai. Zungusha vidole polepole kedo dakika moja, upite pua na kidevu vizuri. Chovya kitambaa safi kwa maji vuguvugu, kamua, kiweke juu ya uso kitulie, halafu futa bila kuvuta. Rudia hadi kitambaa kitoke safi. Anza na siku mbili ama tatu kwa wiki. Hicho kitambaa kifuliwe kila mara, la sivyo unajirudishia uchafu wa jana.

Ukiona vipele vidogo vya kufanana vinawasha kwa paji la uso, simama. Kuna fangasi hukaa kwa ngozi na hupenda mafuta, na hapo unahitaji daktari wa ngozi, si chupa nyingine. Chunusi kubwa za uchungu pia mpelekee yeye.

Kwa nini polepole

Hii ndio naomba ushike hata ukisahau vipimo. Ngozi yetu nyeusi ina kumbukumbu. Ukiiwasha, ukiikwaruza, ukitumbua chunusi na kucha, inajibu kwa kutengeneza rangi zaidi, na hilo doa linaweza kukaa miezi. Halafu mtu akichoka na madoa ndio anaingia kwa zile krimu za kujichubua. Nimeona mabeshte wazuri sana wakipotea hiyo njia, na ilianza tu na kusugua.

Hii mafuta haitakufanya mweupe. Haijatengenezwa kwa hiyo, na rangi yako haikuwa na makosa. Kazi yake ni kutoa Jogoo Road kwa uso na kukuachia wewe. So leo usiku ukifika keja, weka sabuni ya kipande chini, chukua ile dakika moja, na uguse uso wako ni kama wa mtu unampenda.