Kitufe cha video kwenye tovuti yako hakiunganishi? Kabla hujalipia seva kubwa, jua kimekwama wapi

Wauzaji wa mtandaoni, leo tuongee na wale wenye tovuti yao yenye kile kitufe cha "Ongea na muuzaji kwa video". Wewe uko Kariakoo na vitenge vyako, mteja yuko Mbeya. Anabonyeza, anaona rangi yenyewe, anaomba umkunjulie kitambaa, analipa. Ikikubali ni raha. Isipokubali, anaona kiduara kinazunguka tu, anachoka, anaenda kwa mwingine, na wala hakwambii.

Hapo ndipo hela inapoliwa. Unampigia fundi, anakujibu: "Seva ni ndogo, tuchukue kubwa." Unalipia kubwa, kiduara bado kinazunguka. Ukweli ni kwamba kwa kazi hii ukubwa wa seva mara nyingi hauhusiki kabisa. (Na kama wateja wako wote wako WhatsApp na wameridhika, wala usijisumbue na kitufe. Makala hii ni ya wale walioshaweka.)

Kwanza uelewe seva yako inafanya nini. Teknolojia inayotumika inaitwa WebRTC, iko ndani ya Chrome, Firefox na Safari, na kazi yake ni kuziunganisha simu mbili moja kwa moja. Lakini simu yako haijui simu ya mteja iko wapi. Kwa hiyo kunakuwa na seva ya ishara, wengi wanatumia ile ya PeerJS, ambayo ni kama dalali wa nyumba. Anampokea mteja, anakwambia "kuna mtu anakutafuta", anawapa kila mmoja anwani ya mwenzake, basi. Picha na sauti hazipiti kwake. Mkishaunganishwa, hata ukiizima seva hiyo maongezi yanaendelea. Inabeba vijiujumbe vidogo tu, ndiyo maana seva ya bei ya chini kabisa inamtosha muuzaji wa kawaida.

Sasa jaribio la kwanza, halihitaji fundi. Chukua simu mbili, zote ziwe kwenye Wi-Fi moja ya dukani, moja uwe muuzaji, nyingine mteja. Piga. Halafu ile ya mteja itoe kwenye Wi-Fi, washa bando la laini, piga tena. Ukiweza, rudia na laini ya mtandao mwingine.

Ikigoma hata kwenye Wi-Fi moja, mtuhumiwa wa kwanza ni dalali. Ikikubali kwenye Wi-Fi na kugoma kwenye bando, dalali yuko salama, tatizo ni njia. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na dalali. Fungua anwani ya seva yako kwenye kivinjari. Ukiona "502 Bad Gateway", maana yake mlango uko wazi lakini ndani hakuna mtu: programu yenyewe imezimika. Hii hutokea sana pale fundi alipoiwasha kwa mkono kwenye laptopu yake, akafunga laptopu akaondoka, au seva ilijizima ikawaka na hakuna aliyeiambia programu ijiwashe yenyewe. Mwambie aiweke chini ya systemd au pm2. Ni kazi fupi, siyo mradi. Ukiona "404", mara nyingi jina la njia lililoandikwa kwenye tovuti halifanani na lililoandikwa kwenye seva. Alama moja ya mkwaju ikikosekana inatosha kuharibu.

Ukiona onyo kwamba tovuti si salama, angalia cheti. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt kwa kawaida vinaishi siku 90, vinatakiwa vijihuishe vyenyewe. Kile cha kujihuisha kikigoma kimyakimya, siku inafika duka linafungwa bila taarifa. Na bila https, kivinjari hakimruhusu mteja kuwasha kamera wala maiki, hata seva iwe nzima kiasi gani.

Kuna na hii ya asubuhi unaonekana upo, mchana mteja anaambiwa haupo. Kama mbele ya seva kuna nginx, yenyewe kwa kawaida inakata laini iliyokaa kimya sekunde 60. Fundi aongeze muda huo, au programu iwe inatuma ujumbe mdogo kila baada ya sekunde chache kuonyesha iko hai. Lakini kabla ya kumlaumu, jiulize: hiyo simu ya muuzaji uliiacha imezimwa kioo? Simu nyingi kioo kikizima zinaulaza ukurasa uliokuwa wazi, na wewe unatoweka. Kompyuta ya kaunta ni bora kwa kazi hii. Au tablet iliyochomekwa chaji, kioo kikiwa kinawaka.

Wengine wameiweka seva yenyewe dukani, kwenye kompyuta chini ya kaunta, ili wasilipie. Umeme ukikatika imekwenda. Na hata umeme ukiwepo, intaneti nyingi za dukani hazikupi anwani inayofikika kutoka nje, kwa hiyo mteja wa Mbeya hataiona. Kodi tu ndogo mtandaoni.

Sasa ugonjwa wa pili, ndio unaowasumbua wengi zaidi. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wengi wenye geti moja. Simu ikitaka kujua inaonekanaje kutoka nje inaiuliza seva inayoitwa STUN. Zipo za bure na fundi wengi huishia hapo. Shida ni kwamba mageti mengine hubadilisha namba kwa kila anayeongea naye: namba aliyopewa STUN haimfai mteja wako. Dalali ametoa anwani, kila mmoja anagonga, hakuna anayefunguliwa.

Dawa yake inaitwa TURN. Hii ni seva ya kati inayopokea picha huku na kuipeleka kule pale njia ya moja kwa moja inaposhindikana. Programu ya bure inayotumika sana ni coturn, na inaweza kukaa kwenye seva ileile ya dalali. Wengi wanaiweka halafu haifanyi kazi, kwa sababu walifungua mlango namba 3478 peke yake wakasahau milango ya kupitishia mzigo, ambayo kwa kawaida ni 49152 hadi 65535 kwa UDP. Ikifungwa hiyo, salamu zinapita, video haipiti. Pia kuna mitandao ya maofisini inayozuia UDP yote. Kwa hao, TURN isikilize na TCP kwenye 443.

Usikubali neno "nimeweka". Kuna ukurasa wa majaribio wa WebRTC unaoitwa Trickle ICE. Fundi aingize anwani ya TURN na nenosiri, abonyeze, na kwenye majibu lazima uone mstari wenye neno "relay". Haupo? Haijafanya kazi. Ukiwepo, rudia lile jaribio la simu mbili kwa bando.

TURN ndiyo inayokula data, maana sasa picha zinapita kwako. Video ya megabiti 1 kwa sekunde ni kama MB 7.5 kwa dakika, dakika kumi MB 75, na hiyo inaingia kwenye seva na kutoka. Mteja naye akiwasha kamera, zidisha kwa mbili. Kwa muuzaji wa vitenge, kamera ya mteja ya nini? Mwambie fundi aache sauti tu upande wa mteja, umeokoa nusu na bando la mteja pia. Na TURN isiachwe bila nenosiri, la sivyo watu usiowajua watapitishia mizigo yao kwako na bili ni yako. Nenosiri la muda mfupi ndilo zuri, ila saa ya seva iwe sahihi, ikienda kombo linakataliwa hata likiwa halali.

Ukikwama, tuandikie hapo chini: kwenye Wi-Fi moja ilikubali au ilikataa, kwenye bando je, na maneno gani yalitokea kwenye kioo. Anwani ya seva na nenosiri usiweke.