Fundi na Bei ya Vipuri: Nyongeza Moja Haifai kwa Kila Kitu

Fundi wa pikipiki ni mtu mwenye kazi nyingi siku hizi. Katika miji midogo ya Kenya, kama vile Karatina, Mumias au Kitale, utaona vibanda vya mafundi kandokando ya barabara, na pikipiki za kubeba abiria zimepangwa mbele ya mlango zikingoja zamu. Hata hivyo, wako mafundi wasiopumzika tangu asubuhi hadi jioni, na mwisho wa mwezi ukifika hawana fedha za kulipia kodi ya kibanda. Mara nyingi fedha hizo hazikuibwa na mtu. Zimepotea katika hesabu ya bei, na hasa bei ya vipuri, au spea kama wasemavyo wenyewe, ambavyo fundi hununua dukani kisha humfungia mteja.

Desturi ya wengi ni kuongeza kiasi kimoja juu ya kila kitu. Tuseme fundi huongeza asilimia 20. Balbu aliyoinunua kwa shilingi 30 ataiuza kwa shilingi 36. Kwa ajili ya shilingi 6 hizo amemtuma kijana dukani, na ameitunza balbu ile sandukuni mpaka mteja atokee. Ikivunjika moja tu, faida ya balbu tano imekwisha. Kwa upande wa pili, kifaa cha injini alichokinunua kwa shilingi 9,000 atakiuza kwa shilingi 10,800, na mteja akisikia bei hiyo atapanda matatu akakinunue mwenyewe mjini. Basi vitu vidogo havimlipi fundi, na vitu vikubwa vinamfukuzia wateja.

Dawa yake ni kupanga nyongeza kwa ngazi: kitu cha bei ndogo kiongezwe asilimia kubwa, na kitu cha bei kubwa kiongezwe asilimia ndogo. Lakini hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia. Tuseme fundi ameandika kwamba kila kitu kisichozidi shilingi 100 ataongeza asilimia 100, na kinachozidi hapo ataongeza asilimia 30. Kebo aliyoinunua kwa shilingi 100 atauza kwa shilingi 200, na kebo bora zaidi aliyoinunua kwa shilingi 105 atauza kwa shilingi 136 na senti 50. Mteja mwenye macho ataona kwamba kitu duni kinauzwa ghali kuliko kilicho bora, wala fundi hatakuwa na jibu la kumpa.

Makarani wanaolipwa mshahara wanaijua njia ya kuepa shimo hilo, ijapokuwa hawaipendi, kwa sababu ndiyo inayotumika kukata kodi yao. Katika mwaka 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mshahara wa mwezi zilikatwa asilimia 10, na shilingi 8,333 zilizofuata zilikatwa asilimia 25. Aliyevuka ngazi ya kwanza hakutozwa asilimia 25 juu ya mshahara wote, bali juu ya kile kilichozidi tu. Fundi naye afanye hivyo hivyo. Shilingi 100 za kwanza za bei ya kununulia aziongeze asilimia 100; shilingi 900 zinazofuata aziongeze asilimia 30; na zote zilizozidi 1,000 aziongeze asilimia 10. Balbu ya shilingi 30 itauzwa 60. Tairi la shilingi 3,000 litaongezwa 100, tena 270, tena 200, na bei yake itakuwa shilingi 3,570. Kile kifaa cha shilingi 9,000 kitauzwa 10,170, yaani pungufu ya bei ya kwanza kwa shilingi 630. Asilimia hizi ni za mfano tu. Kila fundi azipime kwa gharama zake.

Na katika kupima, asichanganye nyongeza na faida iliyomo katika mauzo. Kitu cha shilingi 1,000 kikiongezwa asilimia 20 huuzwa 1,200, na zile 200 ni sehemu ya sita tu ya fedha alizopokea. Ikiwa kodi, umeme na mshahara wa kijana hula shilingi 20 katika kila shilingi 100 za mauzo, basi hapo zitaliwa 240, na fundi amepata hasara ya shilingi 40 huku akidhani amelingana. Angeongeza asilimia 25 ndipo angetoka sawa.

Jambo la kupunguza bei nalo linataka uangalifu. Mteja huomba apunguziwe asilimia 10 tu, na kwa sababu ni jirani, fundi hukubali. Ile 1,200 inakuwa 1,080. Mteja amepata nafuu ndogo, lakini faida ya fundi imeshuka kutoka 200 hadi 80, yaani zaidi ya nusu yake imekwenda! Afadhali bei iandikwe ukutani, moja kwa mgeni na jirani. Ngazi hizi ni za vitu, si za watu. Anayempandishia bei mtu kwa kuwa amevaa tai hatamwona tena.

Ujira wa kazi uandikwe mbali na bei ya kipuri, ili mteja aliyeleta kipuri chake mwenyewe alipe kazi kwa ukamilifu, wala asinung'unike.

Tena bei ya kununulia iwe ile ya leo. Fundi aliyenunua bredi za breki kwa shilingi 250 mwezi uliopita, na leo dukani ni 320, ahesabu kwa 320, kwa kuwa hiyo ndiyo fedha atakayohitaji kesho kujaza tena sanduku lake.