Zoeana na punda wako kabla hajakupiga teke

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Sisi wauguzi huyaona mateke hayo wodini: mbavu zilizovunjika, meno yaliyong'oka, na mara nyingi mwenye jeraha ni mtoto aliyetumwa kisimani. Lakini ukimwuliza kwa upole ilikuwaje, utasikia kwamba alimwendea mnyama kwa nyuma, au alikuwa anamchapa tangu asubuhi. Hapo methali inamwonea punda.

Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa ya pua. Ukimtokea nyuma kimya kimya, hajui kama ni wewe au ni fisi, naye hujihami. Kwa hiyo mwite kwanza, kisha mwendee kwa upande wa bega. Akisimama ghafla njiani, watu husema ni mkaidi. Sivyo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi husimama atazame kwanza. Mpe nafasi anuse maji yanayomtisha, atavuka. Ukimpiga, atajua kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa.

Kuzoeana hakuhitaji fedha. Punda wanaopendana hukunana kwa meno pale shingo inapokutana na mabega. Mwaka 1993 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba farasi akikunwa mahali hapo, mapigo ya moyo wake hupungua. Mkune punda wako hapo kwa vidole kila jioni ukishamtua mzigo, na papo hapo umtazame mgongo na kwato. Punda huficha maumivu. Asiyeguswa kila siku huonekana mzima hadi kidonda kimeoza. Na anayeumwa mgongo ndiye hurusha teke anapotandikwa. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na punda wetu wengi wenyewe wana karibu kilo 150 tu. Hebu jibebeshe hesabu hiyo wewe.

Sasa mambo ya hospitali. Kiswahili kinaita ugonjwa ule pepopunda, na kweli vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika kinyesi cha punda, farasi na ng'ombe. Kidonda cha kung'atwa au cha kwato kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Msipake samadi wala majivu. Kisha nenda zahanati ukaangaliwe kama chanjo zako zimetimia. Dalili kwa kawaida huanza kati ya siku 3 na 21: taya kukaza, kumeza kwa shida, shingo na mgongo kukakamaa. Ukizingoja hizo, umechelewa. Punda mwenyewe pia huugua pepopunda, naye ana chanjo yake. Mwulize bwana mifugo.

Teke la tumbo ni jambo jingine, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Ngozi yaweza kuwa nzima kabisa huku bandama inavuja damu ndani. Mtoto aliyepigwa tumboni akianza kupauka, kutoka jasho baridi, kuona kiu kikali, au kulalamika kwamba bega la kushoto linamwuma, msimkande tumbo, msimpe chakula wala chai. Mleteni usiku huo huo.